Roketi ya Mtani Wangu

Mbonea alipofariki huko Same, dada yake Nakiete aliweka matanga kwenye fleti yake Peckham, London, na jambo la kwanza aliloniambia kwenye simu, kabla sijapata hata nafasi ya kumpa pole, ni kwamba msiba wa Mpare usio na Mchaga ni kikao tu. "Njoo utukane," alisema. "Watu wamekaa hapa kama wanasubiri kuitwa benki." Nikaenda. Kwa asiyejua mila zetu, Wachaga na Wapare ni watani, na mtani msibani ana kazi yake. Wengine wanalia, yeye anamsema marehemu, anadai vitu ambavyo hakuwahi kumkopesha, anakalia kiti chake na kuiga alivyokuwa akikohoa, mpaka wafiwa wacheke wapende wasipende. Nikaifanya kazi hiyo. Nilimwambia mchungaji, Mkongo mpole aliyekuja kuongoza sala, kwamba Mpare huyu hajafa, ameenda mbinguni kukata rufaa, na malaika wajiandae na mashahidi. Nilidai suti ya marehemu, nikadai na mjane aliyeko Same aletwe kwa ndege nimrithi mimi. Watu walicheka, bibi mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kanga akisema, haya ndiyo mambo. Nina zaidi ya miaka hamsini, nina shahada mbili na miwani ya kusomea, naandika makala ambazo wahariri huziita za kutafakari wakimaanisha ndefu, na alasiri ile nilikuwa nimekaa juu ya zulia la watu nikiiga kikohozi cha mwanamume niliyempenda kuliko wote.

Baadaye, jikoni, nikimsaidia Nakiete kuosha vikombe, aliniambia neno bila kunitazama. "Lakini na wewe dada Aika una moyo mgumu. Kaka alikuposa, mkamcheka." Nikamwambia ule ulikuwa utani. "Kwenu," alisema. "Kwake haukuwa utani. Kabla ya kwenda kwa baba yako mdogo alimpigia mama simu, mama akafunga kula siku nzima akimwombea. Halafu akapiga tena akasema, mama, kula tu, wamecheka." Binti yake, aliyezaliwa huku, aliingia akauliza kwa Kiingereza sukari iko wapi, akajibiwa kwa Kiswahili kwamba iko pale ilipo kila siku, akatoka. Nakiete akaendelea kuosha. Mimi nilichukua kikombe kilichokwisha kusuuzwa nikakisuuza tena. Tangu siku ile nimekuwa nikiupitia upya mwaka ule tulioishi nyumba moja Tooting, kusini mwa London, chumba kwa chumba, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyowahi kupanga na kugundua kuwa kulikuwa na mlango ambao hakuwahi kuufungua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nyumba ilikuwa ya Mama Kishori, mjane wa Kihindi mzaliwa wa Moshi, ambaye mumewe aliwahi kuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni ya reli. Alipangisha vyumba viwili vya juu kwa wanafunzi, kwa sharti kwamba wawe wametoka nyumbani, na nyumbani kwake hapakuwa India wala Tooting. Wajukuu walipokuja Jumapili alisema nao Kigujarati, wao wakajibu Kiingereza. Na alipotaka kuwasema mbele yao bila wao kuelewa, alinigeukia kwa Kiswahili. "Huyu mkubwa hapana akili," angesema, huku akimpapasa kichwa kwa mapenzi. "Kama baba yake tu." Chumba changu kilikuwa na karatasi ya ukutani yenye maua ya kahawia na dirisha lililotazama uani kwa muuza sari, ambako vitambaa vilivyofifia vilianikwa hata siku za mvua. Nilikuwa naandika tasnifu juu ya historia ya ushuru wa kahawa, kazi ambayo mpaka leo imesomwa na msimamizi wangu, mtahini mmoja, na mimi, nami niliruka sura ya nne. Chumba cha Mbonea kilikuwa ng'ambo ya korido, kidogo kuliko changu. Zamani kilikuwa stoo ya masanduku na bado kilinuka dawa ya nondo. Alikuwa akisoma uhandisi kwa ufadhili ambao ungeisha Septemba, na chuo kilichomwajiri nyumbani kilikuwa kikimsubiri. Hilo la Septemba tulilijua wote tangu mwanzo, kama watu wanavyojua saa ya basi la mwisho.

Siku tuliyokutana nilikuwa jikoni nakoroga mtori wa ndizi za sokoni pale Tooting. Aliingia na sahani mkononi, akauliza natoka wapi. Nikasema Machame. Akaweka sahani mezani, akapanda ngazi, nikasikia mlango wake ukifungwa kwa ufunguo, akashuka tena. "Sasa tunaweza kusalimiana," alisema, maana kwa watani wake Mchaga ni mwizi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maana kitu cha Mpare hata mwizi akikiiba hukirudisha akiogopa kesi. Nyumbani kila mtoto anajua kwamba Mpare huuza ng'ombe ili apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. "Kuku ana haki zake," alijibu, akachota mtori wangu bila kukaribishwa. Tukawa hivyo. Aliniita Mangi, cheo cha machifu wetu, nami nikamwita Mheshimiwa Hakimu. Alipopika makande aliniambia ndicho chakula cha watu wanaofikiri. Nilipokula, alisema Wachaga hula chochote kisichofungwa mnyororo. Na kwa kuwa mtani huruhusiwa, aliniita mke wangu mbele ya Mama Kishori na mbele ya postamani. "Mke wangu, chumvi iko wapi?" "Muulize mama yako alikoificha." Mama Kishori, aliyeishi Moshi muda wa kutosha kutujua, alitikisa kichwa. Siku moja nilimsikia akimwambia dada yake wa Queensbury kwenye simu, akihama kutoka Kigujarati kwenda Kiswahili kwa sababu wajukuu walikuwepo, "Hawa wawili napiga kelele, napiga kelele, lakini hapana sema."

Roketi aliileta Januari. Aliibeba begani kwenye basi, bomba la karatasi ngumu lenye kimo cha kunifikia kifuani, mapezi matatu ya mbao nyembamba, na pua ya plastiki. Alikuwa amejiunga na chama cha watu wanaorusha roketi za mfano kwenye shamba moja huko Kent, watu wazima wenye makoti ya mvua na chupa za chai, na mwanachama mmoja aliyechoka na hobi hiyo alikuwa amemwachia. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa mota. "Mpare amepata gari lisilo na injini," nilisema, "na anashukuru." Tatizo lilikuwa kwamba tundu la nyuma lilitengenezwa kwa mota kubwa, na mota kubwa ilitaka kibali na mahali pa kutunzia baruti, vitu ambavyo mwanafunzi mgeni mpangaji wa stoo hawezi kuvipata. Mama Kishori alikuwa amekwisha kusema lake. "Baruti kwa nyumba yangu hapana," alisema, yeye ambaye kila Diwali aliwasha fataki uani mpaka majirani wakafunga mbwa wao. Zilizouzwa dukani bila maswali zilikuwa mota ndogo, za unene wa kidole gumba, zilizopwaya ndani ya lile tundu kama mtoto ndani ya koti la baba yake. Kwa hiyo ilibidi atengeneze adapta.

Nitaeleza, kwa sababu nilijifunza na sina pengine pa kuyatumia. Unachukua bomba dogo linalobana mota ndogo, unalivisha pete za mbao nyembamba, na pete hizo zinaenea ndani ya bomba kubwa. Mbele unagundisha kizuizi, ili mota ikiwaka isipande juu ndani ya roketi na kutokea puani. Hilo watu hawalisahau. Wanachosahau ni upande wa nyuma. Mota ikimaliza kusukuma, hukaa kimya kidogo, roketi ikiendelea kupanda kwa kasi iliyobaki, kisha kibaruti kidogo kilichomo ndani yake hulipuka kuelekea mbele ili kuitoa pua na kumwaga parachuti. Lakini mlipuko hauna adabu, unapita penye njia rahisi. Kama mota haikushikiliwa kwa nyuma, itajitema yenyewe nje, parachuti itabaki imekunjwa, na roketi itarudi chini kichwa mbele. Kwa hiyo panatakiwa kishikizo, tena si kimoja. Adapta ishikwe na roketi, na mota ishikwe na adapta. Mbonea alinieleza haya kwa kutumia vikombe vya Mama Kishori vinavyoingiana, na mimi, niliyekuwa na aya za ushuru wa kahawa za kuandika, nilisikiliza kama mtu anayesikiliza Injili. Najua msomaji anasubiri nifananishe hapa kitu na kitu. Nina uzoefu wa kutosha wa kuandika makala kujua mahali ambapo mfano huingia. Nauacha. Ilikuwa karatasi, mbao na gundi, na ninachokumbuka ni vidole vyake.

Majira yale ya baridi yote tulikaa jikoni. Gundi yake ilikuwa ya kuchanganya kutoka vichupa viwili, na ilinuka kiasi kwamba Mama Kishori alidai dengu zake zimeanza kuwa na ladha ya meza. Pete zikishagundishwa zilitakiwa zishikwe wima mpaka zikauke, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikaa nimeshika bomba kwa mikono miwili, yeye ameshika upande wa pili, hatuwezi kuinuka, hatuwezi kujikuna. Ungedhani watu wawili waliokaa hivyo, magoti yakikaribiana, dirisha limejaa mvuke wa wali, wangesema jambo. Tulisema sana. Aliniambia kwamba Mchaga akishika kitu kwa muda mrefu hivi, kisheria kinakuwa chake. Nilimwambia kwamba sijawahi kuona Mpare akitumia gundi bila kulia. Nilikuwa nataka sentensi moja tu, hata mbaya, hata isiyo na kiima, ambayo haikuvaa kinyago cha utani. Sikuwa najua namna ya kuiomba, kwa sababu kila nilichokifungua kinywani kilitoka kikiwa kimekwisha kuvaa. Wakati mwingine alinitazama, nami nikangoja, moyo ukigonga kwenye bomba, halafu angesema, "Mangi, umeinamisha."

Aprili tuliirusha mara ya kwanza. Adapta ilikuwa imeshikwa kwa skrubu, lakini mota yenyewe ndani ya adapta aliibana kwa kuizungushia utepe wa karatasi, akasema inatosha, imebana mno. Ilipanda vizuri, tukaiangalia ikiwa kidoti juu ya kondoo wa watu, ikasimama, ikageuka, na kitu kidogo cheusi kikaanguka peke yake kutoka nyuma. Ilikuwa mota. Roketi ikarudi kichwa mbele, haikupunguza hata kidogo, ikajichomeka kwenye nyasi na pua ikaingia ardhini mpaka shingoni. Mbonea aliiendea taratibu, kama mtu anayeenda kutambua maiti, na nilipomfikia nilikuwa na utani mzuri sana tayari mdomoni. Nikaumeza. Nilimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza. Akautazama mkono wangu, akasema, "Unatafuta saa?" Tukacheka, na mkono nikaurudisha mfukoni mwangu.

Ilikuwa Juni alipokwenda kwa Baba Mdogo. Baba yangu mdogo aliishi Streatham na mkewe, alikuwa nesi mkuu wa wodi, mtu wa watu, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi alikaribisha yeyote mwenye njaa anayesema Kiswahili. Siku hiyo Mbonea alikuja amevaa suti, pamoja na Mzee Msangi, Mpare mwenzake, mzee wa kanisa aliyestaafu kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa. Nilikuwa jikoni na Mama Mdogo tukimenya ndizi. Mlango ulikuwa wazi nusu, niliona kiatu cha Mbonea na goti lake, kiatu kimepakwa rangi, na nikasema moyoni, leo kuna nini. Wakaamkiana, shikamoo zikapokelewa, bia zikafunguliwa, Mzee Msangi akakataa bia akaomba chai ya tangawizi. Kisha akakohoa, akaanza kwa sauti ile ambayo wazee huitumia kwa jambo moja tu. "Ndugu yetu, sisi ni wageni wako. Tumetembea, tumechoka. Tuna kuku wetu kapotea, tumefuata nyayo zake mpaka zimetufikisha kwenye ua wako."

Nyumbani ndivyo posa inavyofunguliwa. Binti hatajwi jina. Ni kuku, ni ua la bustanini, ni mbuzi aliyepotea njia, na mwenye nyumba hujibu kwa mafumbo hayohayo, mpaka mambo yakae sawa. Mzee Msangi angeweza kuchagua ua. Angeweza kuchagua hata mbuzi. Lakini alichagua kuku, yeye Mpare, mbele ya Mchaga, kwa sababu ndivyo baba yake alivyosema na babu yake alivyosema, kwao Upareni, ambako hakuna Mchaga wa kumsikia. Kisha Baba Mdogo akasema, kwa upole kabisa, "Mzee wangu, Mpare akifika mpaka Streatham kufuata kuku, basi ng'ombe wameisha zizini." Sebule ikalipuka. Mzee Msangi mwenyewe alicheka, alishindwa kujizuia, maana ulikuwa utani mtamu na umempiga katikati. Baba Mdogo akaendelea, sasa amepata moto. "Na kuku mwenyewe mna risiti yake? Hakimu mmemleta? Mke wangu, hesabu vijiko, Wapare wamekuja na kesi." Mama Mdogo, kando yangu, alicheka mpaka kisu kikamdondoka, kicheko kile chake cha juu kinachosikika mtaa wa pili. Mimi nilikuwa nimeshika ndizi iliyomenywa nusu. Niliona kiatu cha Mbonea kikirudi nyuma, chini ya kiti.

"Lakini tusiwe wachoyo," alisema Baba Mdogo. "Kijana nimesikia anarusha maroketi. Akilirusha hilo dude lake likaenda likarudi bila kuvunjika, aje amchukue kuku, bila mahari, na maziwa juu." Wakapiga makofi. Mzee Msangi akasema, "Tumesikia, tumekubali." Nikasikia sauti ya Mbonea kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Sharti linaeleweka," alisema, tena kwa sauti ya mtu mwenye kucheka. Tulipoleta chakula alinipokea sahani bila kuniangalia, akasema ndizi hizi zimemenywa na mtu mwenye mawazo. Nikasema huenda kuku anafikiria kukimbia. Wakacheka tena, wote. Nakiete aliniambia, nilipomuuliza siku ile Peckham, kwamba kaka yake alikisikia kicheko cha mwanamke kutoka jikoni na akajua ni changu. Nilimwambia ni cha Mama Mdogo. Akasema, "Basi," akaning'iniza kitambaa cha kufutia vyombo.

Wachaga, nadhani na Wapare pia, tukitaka kumkatalia mtu bila kumwaibisha, tunamtania. Ni hisani. Unampa mlango wa kutokea akiwa anacheka, asiwe na haja ya kusema aliomba akanyimwa. Mbonea, mtu aliyelelewa vizuri, aliuona mlango akapita. Mimi, niliyekuwa upande wa jikoni, sikuona mtu akitoka. Niliona kijana aliyepewa sharti na kulikubali, na nikaanza kuishi kwa ajili ya sharti hilo. Nikikumbuka sasa jinsi nilivyokuwa na furaha Julai ile, ninaona aibu kwa niaba ya yule msichana, kama unavyoona aibu kwa mtu anayepunga mkono stesheni wakati treni aliyoijia imekwisha kupita.

Kwa sababu kazi iliendelea, tena kwa makini zaidi. Pua ilinyooshwa, bomba likakatwa sehemu iliyokunjika na kuungwa. Roketi ilikuwa nzito kwa mota ndogo, kwa hiyo akapiga msasa mapezi mpaka yakawa membamba kama biskuti, akabadili parachuti ya kitambaa kwa ya plastiki, na akachagua mota ambayo kibaruti chake hulipuka mapema, kabla kitu kizito hakijaanza kuanguka. Na kishikizo safari hii hakikuwa utepe. Mama Kishori alitoa kifuniko cha kopo la samli, akisimama pembeni kuhakikisha hakikatwi kitu kingine. Mbonea alikata vibati viwili, akavikunja ncha kama kucha, akavifunga kwa skrubu kwenye pete ya nyuma ya adapta, kila kimoja kikiuma ukingo wa mota. Ukivizungusha unaingiza mota, ukivirudisha, haitoki. Alinipa niivute. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. "Vuta kama inadaiwa," alisema. Haikutoka. Mama Kishori naye alivuta, akasema, "Sasa hii nakaa. Kama hii nakaa, watu pia nakaa," akatutazama mmoja mmoja, akaondoka na kopo lake. Nilidhani tumenyamaza kwa sababu moja.

Tulirudi Kent Agosti. Msimamizi wa usalama wa chama, bwana mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, aliikagua kama daktari, akavuta mota kwa kidole gumba na cha shahada, akauliza tena na tena kama itakaa. Mbonea akamwambia itakaa. Wakaiweka kwenye fimbo yake, tukasogea nyuma, wakahesabu. Ilipanda polepole kuliko mara ya kwanza, nzito, ikinguruma kidogo, kiasi kwamba mtu mmoja nyuma yetu alisema maskini. Lakini ilikwenda. Ilifika mahali pake, moshi ukakatika, ikatambaa bado juu kwa hisani ya kasi iliyobaki, na pale ilipoinamisha kichwa tukasikia mlio mdogo, pua ikatoka, na parachuti ikafunguka, nyekundu, iliyokatwa kwenye mfuko wa duka la sari. Ikashuka ikipepesuka, ikatua kwenye nyasi fupi karibu kabisa na sisi, kana kwamba imeitwa. Mbonea aliigeuza akaangalia nyuma. Mota ilikuwa pale, nyeusi, imeumwa na kucha zake mbili za bati, bado ya moto. Hakushangilia. Alikaa chini kwenye nyasi na kuiweka mapajani, na akaipitishia kiganja kutoka puani mpaka kwenye mapezi. Nilifikiri, sasa. Sharti limetimia, hakuna mtu wa tatu hapa anayejua Kiswahili, sasa atasema. Alisema, "Twende, Mangi, tusikose treni."

Kwenye treni aliilaza juu ya magoti yetu wote wawili, imefungwa kwenye shuka. Mbele yetu alikaa bibi wa Kiingereza mwenye mkoba mkubwa na kofia ya majani makavu. Mashamba yalipita. Mbonea akasema, akitazama dirishani, "Kesho nimpelekee Baba Mdogo ushahidi. Aone." Akatabasamu, tabasamu la mtu anayemalizia hadithi kwa heshima. Nikasema, "Usimpelekee."

"Kwa nini? Atatoroka hukumu?"

"Hukumu si yake. Mimi mwenyewe nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kuolewa. Na wewe." Nilisikia sauti yangu, haikuwa na kinyago hata kimoja, ilitetemeka. "Sitanii, Mbonea."

Alinigeukia. Alinitazama kwa muda ambao ningeweza kuuishi tena mara nyingi kama ningepewa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, akashika roketi isidondoke, akacheka mpaka akatoa leso. "Sitanii," aliiga, akishindwa kumaliza. "Sitanii, anasema. Na sauti anaitetemesha." Akajifuta macho. "Aika, nilidhani bingwa ni Baba yako Mdogo. Kumbe yule ni mwanafunzi wako." Na usoni mwake, hilo ndilo siwezi kulisahau, palikuwa na shukrani. Tangu Streatham hakuwa amecheka hivyo, kicheko kinachotoka chini kabisa. Alikuwa akinishukuru kwa kumsaidia kubeba jambo ambalo lilikuwa limemwelemea. Nikafungua kinywa kusema tena, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kwa sababu ndicho mtani anachotoa mwenzake akicheka. Tulicheka pamoja, vichwa vikigongana juu ya ile shuka, mpaka bibi aliyekaa mbele yetu akaanza kutabasamu pia. Akainama, akaomba radhi kwa kuingilia, akauliza kama tumefunga ndoa karibuni.

"Leo asubuhi," alisema Mbonea.

Bibi akaweka mkono kifuani. Alisema anatutakia maisha marefu, akafungua mkoba wake mkubwa, akapekua kwa muda, akatoa peremende mbili za mnanaa, akampa kila mmoja yake. Tulimshukuru. Tukazimumunya mpaka stesheni ya Victoria.